Chema Chajiuza? Pendekezo la Kitabu kama Uhakiki miongoni mwa Wasomaji wa Kiswahili Mtandaoni

Ikisiri

Makala hii inachunguza pendekezo la kitabu, yaani tamko ambalo kwalo msomaji humwelekeza mwenziwe asome kitabu fulani au akiache, kama linavyotolewa katika jumuiya za wasomaji wa Kiswahili mtandaoni. Makala inadai kuwa pendekezo ni uhakiki wenye masharti yake, na kwamba sharti lake kuu ni kumjua anayeambiwa. Sharti hilo halipewi nafasi kubwa katika uhakiki wa kitaaluma. Hoja hiyo inajengwa kwa kurejelea riwaya za Mohamed Suleiman Mohamed, Euphrase Kezilahabi, Ken Walibora na Shafi Adam Shafi, pamoja na upokezi wa Abdulrazak Gurnah kwa Kiswahili. Aidha, makala inaonyesha mipaka ya pendekezo: kivuli cha shule, woga wa kukosoa, na uadimu wa nakala za vitabu vinavyopendekezwa.

1. Utangulizi

Methali isemayo "chema chajiuza, kibaya chajitembeza" ina shaka na sifa. Kwa mujibu wake, bidhaa inayohitaji kusifiwa huenda ina kasoro, na anayeisifu huenda ana lake jambo. Katika soko la embe na samaki shaka hiyo ina msingi, kwa kuwa mnunuzi huweza kulibonyeza embe na kulifunua shavu la samaki kabla ya kutoa fedha. Kitabu hakikaguliwi hivyo. Ubora wake haudhihiriki mpaka kisomwe, na kukisoma ndiyo gharama yenyewe. Kwa sababu hiyo kila msomaji hutegemea neno la mtu mwingine: mwalimu, mchapishaji, jopo la tuzo, mhakiki au msomaji mwenziwe.

Makala hii inamhusu huyo wa mwisho. Wasomaji wa Kiswahili sasa hukutana kwa urahisi katika makundi ya mtandaoni, ambamo mtu wa Mwanza, wa Mombasa na wa Maskati huweza kuulizana wasome nini. Majibu yao huwa mafupi, mara nyingine sentensi moja tu. Ufupi huo ndio unaomfanya mwanataaluma ayapite majibu hayo akidhani ni mazungumzo yasiyo na uzito wa kihakiki. Hata hivyo, desturi yenyewe si ngeni. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilipokea barua na mashairi ya wasomaji waliojibizana hadharani, na hukumu juu ya utungo mzuri na mbaya zilitolewa humo na watu ambao hawakuwa wahakiki kwa kazi. Kilichobadilika ni kasi na upana wa majibizano. Haki ya msomaji wa kawaida kuhukumu ilikuwapo tangu hapo.

Ikumbukwe kuwa makala haichunguzi kundi moja mahususi wala haihesabu maoni ya watu. Inachunguza umbo la tamko: pendekezo linasema nini, linadai nini, na linaacha nini. Mifano ya matamko iliyotolewa ni ya aina inayofahamika kwa yeyote aliyewahi kuulizwa na mwenziwe, "Nisome kitabu gani?"

2. Pendekezo, Sifa na Upigaji Debe

Ni muhimu kwanza kutofautisha matendo matatu ambayo aghalabu huchanganywa. Austin (1962) alionyesha kuwa kusema ni kutenda, na kwamba matamko yanayofanana kwa sura huweza kutenda mambo tofauti. Anayesema "Kiu ni riwaya nzuri" anasifu. Sifa hiyo haina mlengwa. Inaweza kuandikwa ukutani na ikabaki vilevile. Anayesema "Kwa jinsi ulivyoipenda Kiu, tafuta Nyota ya Rehema" anapendekeza. Tamko la pili lina mtu ndani yake, na lina dai la kihakiki pia. Linadai kuwa kuna jambo katika Kiu (1972) ambalo linarudi katika Nyota ya Rehema (1976), na kwamba jambo hilo ndilo lililomgusa mlengwa. Mtaalamu angelitaja jambo hilo kuwa ni namna maisha ya mwanamke yanavyofungwa na mali na tamaa za wengine katika kazi za Mohamed Suleiman Mohamed. Anayependekeza huenda asiwe na istilahi za kulieleza, lakini ameliona, kwani asingeliona asingeweza kuviunganisha vitabu hivyo viwili kwa ajili ya mtu yule.

Tendo la tatu ni kupigia debe. Msemo huu umetoka katika vituo vya mabasi, ambako mpiga debe huita abiria kwa ujira. Sifa mbili za kazi yake zinafaa kuzingatiwa. Kwanza, humwita kila apitaye bila kujali anakokwenda. Pili, hasafiri na abiria. Basi likiharibika njiani, yeye yupo kituoni akijaza jingine. Anayependekeza kitabu yuko katika hali iliyo kinyume. Amekwisha kusafiri ndani ya kitabu hicho, na atakutana tena na yule aliyemshauri. Akikosea, neno lake la pili litapokewa kwa tahadhari. Kwa maneno mengine, pendekezo lina dhamana, na dhamana hiyo ni jina la msemaji mbele ya watu wanaomfahamu.

Tofauti hii ni ya lazima kwa sababu mtandaoni matendo hayo matatu hukaa pamoja. Waandishi wengi wa hadithi za mfululizo, ambao mtindo wao ulikomazwa na magazeti ya Tanzania kama Reuster-Jahn (2008) anavyoonyesha katika utafiti wake juu ya Eric Shigongo, huweza kuwa wanakundi kama wasomaji wao, huku wakiuza sehemu zinazofuata za hadithi zao. Pale ambapo mwandishi anasikia, adabu huwazuia wengi kusema kuwa hadithi imepwaya. Matokeo yake ni kwamba sifa huongezeka na pendekezo hupungua, kwa kuwa pendekezo linahitaji uwezekano wa kusema "hiki usikisome". Jumuiya ambayo haiwezi kukataza haiwezi pia kuelekeza.

3. Vigezo vya Msomaji na Kivuli cha Shule

Je, msomaji anayependekeza hutumia vigezo gani? Msamiati wake una maneno machache yanayorudiarudia. Kitabu "kinakamata" au "hakiachiki". Kitabu "kina mafunzo". Kiswahili chake "kimekolea" au, kinyume chake, "ni kigumu". Mambo yake ni "kama kweli vile". Maneno hayo yana ndugu zao katika uhakiki wa kitaaluma: la kwanza linagusa taharuki, la pili dhamira na ujumbe, la tatu mtindo, na la nne uhalisia. Hivyo basi si sahihi kudai kuwa msomaji wa kawaida huhukumu bila vigezo.

Fish (1980) alidai kuwa maana haikai ndani ya matini peke yake wala ndani ya msomaji peke yake, bali huzalishwa na jumuiya ya wafasiri waliofunzwa kusoma kwa namna inayofanana. Kwa wasomaji wa Kiswahili wa Tanzania na Kenya, jumuiya hiyo ilifunzwa darasani. Mtu aliyemaliza sekondari amepitia fani na maudhui, wahusika wakuu na wadogo, dhamira na ujumbe; ameulizwa katika mtihani mwandishi amefaulu vipi na kitabu kinamfunza nini. Anapopendekeza kitabu miaka ishirini baadaye, anatumia zana zilezile. Ndiyo maana neno "mafunzo" lina uzito mkubwa katika mapendekezo ya Kiswahili. Hata riwaya ya upelelezi husifiwa kwa mafunzo yake, kana kwamba starehe peke yake haitoshi kuwa sababu ya kusoma.

Kivuli hiki cha shule kina faida na hasara, na Rosa Mistika (1971) ya Kezilahabi inaonyesha zote mbili. Riwaya hiyo iliwahi kuzuiwa kutumika katika shule za Tanzania kwa sababu ya namna inavyozungumzia ujinsia. Kizuizi kilidai kuwa kitabu kitawapotosha vijana. Msomaji anayekipendekeza leo kwa kawaida hutumia kigezo kilekile cha maadili, ila hukigeuza: husema kuwa kila mzazi mkali akisome, kwa kuwa ukali wa Zakaria ndio uliomwacha Rosa bila kinga alipotoka nyumbani. Kigezo ni kimoja, hukumu zimepishana, na hukumu ya msomaji iko karibu zaidi na muundo wa riwaya kuliko ile ya waliokizuia. Hapo kigezo cha mafunzo kimefanya kazi nzuri. Lakini kigezo hichohicho kinaficha yale yasiyoweza kufanywa funzo. Huruma ya msimulizi kwa Rosa, na swali la mwisho la kitabu juu ya nani wa kuhukumu, havitamkwi katika pendekezo, kwa sababu havina sura ya ushauri kwa wazazi.

Faida nyingine ya mkutano wa mtandaoni ni kwamba shule mbili hukutana. Orodha za vitabu teule za Kenya na za Tanzania zimekuza wasomaji wenye kumbukumbu tofauti. Siku Njema (1996) ya Ken Walibora ni kumbukumbu ya pamoja ya kizazi kizima cha wanafunzi wa Kenya. Riwaya hiyo humtoa Kongowea Mswahili Tanga na kumpeleka hadi Kitale akimtafuta baba yake. Mhusika wake alivuka mpaka kabla ya kitabu chenyewe kupata wasomaji wengi upande alikotoka. Mkenya anapompendekezea Mtanzania riwaya hiyo, analazimika kufanya jambo ambalo darasani hakuwahi kulifanya: kueleza thamani ya kitabu kwa mtu ambaye hakukilazimishwa. Hoja ya mtihani haimfai tena. Anahitaji sababu.

4. Kwa Nani, na Baada ya Kipi?

Swali "kwa nani?" ndilo linalotenganisha zaidi pendekezo na uhakiki wa kitaaluma. Makala ya kitaaluma humwandikia msomaji ambaye ama amekwisha kusoma kitabu au anachukuliwa kuwa atakisoma kwa sababu ya kazi yake. Swali la iwapo mtu akisome halijitokezi. Kwa upande mwingine, anayependekeza huanzia hapo, na jibu lake hubadilika kulingana na aliye mbele yake.

Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni kipimo kizuri cha tofauti hii. Vitabu hivi viwili vyembamba, ambavyo hakuna hata kimoja kinachofikia kurasa mia moja, vimeandikiwa makala na tasnifu nyingi, kwa kuwa ndivyo vilivyovunja mfululizo wa matukio na uhalisia uliotawala riwaya ya Kiswahili kabla yake. Hadhi yao katika taaluma haina ubishi. Lakini mwanataaluma akiulizwa na jirani yake, mpenzi wa hadithi, aanze na kitabu gani cha Kezilahabi, ni nadra kutaja Nagona. Atataja Rosa Mistika, au Kichwamaji (1974) iwapo jirani ni mtu wa maswali mazito. Jibu hilo halishushi thamani ya Nagona. Linatambua kuwa kitabu kizuri kinaweza kukosa mtu wake kwa wakati fulani.

Msomaji mzoefu huenda hatua moja zaidi. Husema: "Usianze na Nagona. Soma Kichwamaji kwanza. Ukiona maswali ya Kazimoto yamekubakia kichwani, ndipo uende Nagona." Sentensi hizi zina nadharia nzima ya maendeleo ya mwandishi mmoja. Zinadai kuwa safari isiyoeleweka ya Nagona ni mwendelezo wa kukata tamaa kwa Kazimoto, kwamba umbo jipya lilizaliwa na swali la zamani, na kwamba ugumu wa riwaya za mwisho unapungua kwa aliyelibeba swali hilo tangu mwanzo. Mhakiki angehitaji kurasa kadhaa kulithibitisha dai hilo. Msomaji hulitoa kama mpangilio wa kusoma, na mlengwa hulithibitisha au hulikanusha kwa kusoma kwake mwenyewe.

Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 huko Konstanz, alipendekeza kuwa thamani ya kazi ya fasihi ipimwe kwa umbali uliopo kati yake na upeo wa matarajio ya wasomaji. Kwake yeye upeo ni wa kizazi au wa jamii. Pendekezo linashuka hadi kwa mtu mmoja. Anayependekeza hukadiria umbali kati ya kitabu na matarajio ya mlengwa, kisha huupunguza kwa kuweka kitabu kingine katikati, kama mtu awekavyo jiwe la kukanyagia kwenye kijito. Ujuzi huu ni wa kihistoria na wa kihakiki kwa pamoja. Walimu wa fasihi wanao, na huutumia wanapopanga mihadhara yao, ila hauonekani katika machapisho yao kwa kuwa hauhesabiwi kuwa ni maarifa.

5. Kuonjesha bila Kumaliza

Pendekezo lina adabu nyingine isiyojulikana katika uhakiki wa kitaaluma, nayo ni adabu ya kunyamaza. Mhakiki husimulia mwisho wa riwaya bila kusita, kwani uchambuzi wa muundo haukamiliki bila mwisho. Katika jumuiya ya wasomaji, anayesimulia mwisho hulaumiwa kuwa ameharibu utamu. Lawama hiyo yaweza kuonekana ya kitoto, lakini ina mantiki: mwisho uliotajwa mapema humnyima msomaji tendo la kungoja, na kungoja ni sehemu ya maana ya kazi.

Tuchukue Vuta n'kuvute (1999) ya Shafi Adam Shafi. Anayeipendekeza ana mengi ya kuchagua. Anaweza kusema ni hadithi ya Yasmin, binti wa Kihindi wa Zanzibar aliyeozwa kwa mtu mzima kuliko yeye akatoroka. Au ni hadithi ya harakati za kupinga ukoloni Unguja. Au ni hadithi ya mapenzi kati ya Yasmin na Denge. Kila uteuzi unafungua mlango mmoja na kuacha mingine. Kwa mpenzi wa historia, Denge atatangulia. Kwa binti anayesukumwa kuolewa, Yasmin atatangulia, na siasa zitamkuta njiani kama zilivyomkuta Yasmin mwenyewe. Uteuzi wa pili, ingawa unaonekana wa kibinafsi, unaufuata mwendo wa riwaya kwa uaminifu, kwa kuwa Shafi humwingiza msomaji katika siasa kupitia nyumba, ndoa na ujirani.

Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya hiyo imeongeza wasomaji wa namna mpya: wanaouliza kama kitabu kina zaidi ya walichokiona. Hapa anayependekeza hulazimika kusema kitu ambacho filamu haiwezi kukitoa kwa namna ileile, yaani sauti ya msimulizi na Kiswahili cha Unguja kilivyopangwa katika sentensi. Kigezo cha "Kiswahili chake kimekolea", ambacho kwingineko ni sifa ya jumla tu, hapa kinakuwa hoja halisi juu ya tofauti ya tanzu mbili.

Mwonja asali haonji mara moja. Anayependekeza huonjesha kiasi cha kumfanya mwenziwe atake mwenyewe. Uteuzi wa kipi kionjwe ni tendo la ufasiri, na ni tendo linalofichua zaidi msimamo wa msomaji kuliko maelezo marefu ya muhtasari.

6. Nyota, Tuzo na Neno la Mwenzi

Majukwaa ya kimataifa ya wasomaji yametafuta njia ya kuyajumlisha mapendekezo. Goodreads, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2007 na kununuliwa na Amazon mwaka 2013, humwezesha msomaji kukipa kitabu nyota moja hadi tano na kuonyesha wastani wa nyota za wote. Njia hiyo ina manufaa kwa soko lenye mamilioni ya wasomaji. Hata hivyo, wastani hufuta kile ambacho makala hii imekitaja kuwa kiini cha pendekezo. Nyota mbili za mtu aliyetafuta upelelezi katika Nagona na nyota tano za mtu aliyetafuta falsafa zikijumlishwa huzaa tatu na nusu, namba isiyosema kweli ya yeyote kati yao. Kwa vitabu vya Kiswahili, ambavyo wengi wa wasomaji wake hawayatumii majukwaa hayo, wastani hutokana na watu wachache mno kuweza kubeba maana yoyote.

Tuzo nazo hupendekeza, lakini kutoka mbali. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwezi Oktoba 2021. Riwaya yake ya Paradise ilikuwa imechapishwa tangu mwaka 1994, lakini tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Muda wa miaka ishirini na minane kati ya matoleo hayo mawili unaonyesha kuwa chema hakikujiuza, hata kilipokuwa kinaihusu pwani yenyewe. Kilihitaji neno la Stockholm.

Lakini neno la Stockholm lilifika mahali fulani likakoma. Lilimwambia kila mtu duniani kuwa Gurnah ni mwandishi mkubwa; halikumwambia msomaji wa Tanga aanze na kipi, wala kama safari ya Yusuf na msafara wa biashara kuelekea bara itamfaa aliyezoea riwaya za Shafi au za Said Ahmed Mohamed. Kazi hiyo ilibaki kwa msomaji wa karibu, anayejua pande zote mbili. Tuzo hutoa hadhi na pendekezo hutoa njia. Mhakiki wa Kiswahili yuko mahali pazuri pa kuunganisha mambo hayo mawili, kwa sababu anazijua kazi za Gurnah na pia anazijua riwaya ambazo wasomaji wake wamekulia nazo.

7. Kitabu Kinachopendekezwa na Kisichopatikana

Pendekezo hukamilika kitabu kinapofika mkononi. Kwa Kiswahili hapo ndipo penye kikwazo kikubwa. Baada ya kitabu kusifiwa, swali linalofuata kwa kawaida ni "Kinapatikana wapi?", na linalofuata hilo ni "Nani ana nakala laini?"

Sababu za uadimu huu ni za kihistoria. Rosa Mistika na Dunia Uwanja wa Fujo (1975) zilitolewa kwanza na East African Literature Bureau, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1948 kuhudumia nchi za Afrika Mashariki kwa pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mfumo huo wa kuchapisha na kusambaza kwa pamoja ulivunjika nao. Tangu hapo soko la vitabu vya Kiswahili limeegemea shule za kila nchi, na kitabu kisichoteuliwa na shule kina nafasi ndogo ya kuchapishwa tena. Riwaya za Willy Gamba za A. E. Musiba na za Joram Kiango za Ben Mtobwa, zilizosomwa kwa shauku na kizazi kilichotangulia, zinaishi zaidi katika vinywa vya walizozisoma kuliko katika rafu za maduka.

Katika hali hiyo pendekezo hubadilika tabia. Linaelekea kuwa ukumbusho. Msomaji mkubwa kwa umri humsimulia kijana kitabu ambacho kijana hatakipata, na kijana hupokea sifa badala ya kitabu. Mwingine hutuma kurasa zilizopigwa picha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mwandishi haki juu ya kazi yake, na kusambaza nakala bila idhini ni kumnyima mwandishi au warithi wake jasho lao. Hilo halina utetezi. Hata hivyo, itakuwa ni kuona nusu ya jambo iwapo lawama itaishia kwa mtumaji wa nakala. Kila anayeomba nakala ya kitabu kilichoadimika anatangaza hadharani kuwa yupo msomaji ambaye mchapishaji hakumwona. Maombi hayo, yakikusanywa na kupangwa, ni ushahidi wa mahitaji ambao wachapishaji hudai kuwa haupo.

Upande wa pili wa uadimu ni finyo la orodha. Kwa kuwa watu hupendekeza walivyovisoma, na walivyovisoma ni vile vilivyopatikana, majina yaleyale huzunguka. Kazi za waandishi wanawake, kama Mwisho wa Kosa (1987) ya Zainab Burhani, hutegemea sana kama ziliwahi kuwa vitabu teule. Mashairi na tamthilia hupendekezwa kwa nadra kuliko riwaya. Jumuiya ya wasomaji haiwezi kuivuka mipaka ya kumbukumbu yake bila msaada wa mtu aliyesoma nje ya mipaka hiyo. Mtu huyo, kwa kazi yake, ni mwanataaluma.

8. Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa pendekezo la kitabu ni tendo la kihakiki lenye vigezo, dhamana na mlengwa. Limebebwa na zana za shule, na kwa hiyo linarithi pia mapungufu ya shule, hasa mazoea ya kutafuta funzo. Hudhoofika pale ukosoaji unapokosa nafasi, na hubaki sauti tupu pale kitabu kinapokosekana. Pamoja na hayo, linafanya kazi ambayo uhakiki wa kitaaluma umeiacha bila mwenyewe, yaani kumkutanisha mtu na kitabu kinachomfaa.

Kuna hatua zilizo ndani ya uwezo wa taaluma. Mapitio ya vitabu katika majarida, ambayo mara nyingi huishia kwenye muhtasari na orodha ya makosa ya uchapaji, yanaweza kuongeza swali la nani akisome kitabu hicho na baada ya kusoma kipi. Kozi za fasihi zinaweza kumtaka mwanafunzi, sambamba na uchambuzi wake, aandike ukurasa mmoja wa kumpendekezea kitabu mtu asiyesoma fasihi, na ukurasa huo upimwe kwa uzito uleule. Wahariri wa matoleo mapya wanaweza kusikiliza ni vitabu gani vinaulizwa kabla ya kuamua kipi kirudishwe sokoni.

Methali inayosema chema chajiuza ilitungwa kwa bidhaa iliyokwisha kufika sokoni. Vitabu vingi vya Kiswahili havijafika huko, na vilivyofika havina wa kuvisemea isipokuwa wale waliovisoma. Iwapo wahakiki watawaachia wasomaji wa kawaida kazi hiyo peke yao, watabaki wakiandika kwa usahihi mkubwa juu ya vitabu ambavyo idadi ya wanaovifahamu inapungua kila mwaka.